Acheni kupanga safari ya Turkana kwa simu

Nimekuwa kimya wiki tatu hivi, kazi za watu zimenibana. Leo nimerudi na hasira, kwa hivyo anayetafuta makala ya simu mpya asubiri wiki ijayo.

Kisa ni hiki. Jumapili jioni mdogo wangu, ambaye yuko mwaka wa pili chuoni, alifika nyumbani hapa Karagita akiwa amechangamka, simu mkononi. Yeye na wenzake kumi na watatu wanataka kwenda Ziwa Turkana likizo ya Aprili. "Kaka, tumemaliza kupanga," akaniambia. "Wewe angalia tu kama kuna makosa madogo madogo." Nikaangalia. Mpango ulikuwa umeandikwa na roboti ya akili mnemba na ulipendeza macho: vichwa vya habari, vijipicha vya mahema na jua, kila siku na saa zake. Siku ya kwanza, kuondoka Karagita saa kumi na mbili asubuhi na kufika Loiyangalani saa kumi jioni. Siku ya pili, kuogelea na kupumzika. Siku ya tatu, "safari fupi kando ya ziwa" hadi Eliye Springs, chakula cha mchana huko huko. Siku ya nne, kurudi nyumbani. Mchango, shilingi 12,000 kwa kila mtu, gari ni matatu ya kukodi ya viti 14.

Hiyo siku ya tatu ilinichekesha kwanza, kisha nikaacha kucheka. Loiyangalani iko kusini mashariki mwa ziwa, kaunti ya Marsabit. Eliye Springs iko ng'ambo, upande wa magharibi, kaunti ya Turkana. Katikati kuna maji, mengi. Ukitaka kuzunguka upande wa kusini kwa gari utakutana na volkano, mawe meusi na bonde la Suguta, na barabara ya kuunganisha pande hizo mbili hakuna. Gari lililo Loiyangalani likitaka kufika Eliye linarudi Maralal, linashuka Nyahururu, Nakuru, linapanda Kitale, halafu Lodwar. Hesabu yake inakaribia kilomita elfu moja. Hiyo ndiyo "safari fupi kando ya ziwa". Roboti imekuta majina mawili yakitajwa sana pamoja na Ziwa Turkana ikaamua ni majirani. Ni sawa na kusema Mombasa na Muscat ni jirani kwa sababu zote ziko Bahari ya Hindi.

Sasa kabla hamjanicheka na kusema nawaonea wivu watoto wa siku hizi, ngoja niwaambie nililofanya mimi.

Aprili 2018 nilikuwa mwaka wa pili, nasomea sayansi ya kompyuta, na nilikuwa najiona fundi. Tulikuwa kumi na wanne pia (sijui hii namba kumi na nne ina laana gani, nadhani ni viti vya matatu). Wenzangu walitaka kupanga safari kwenye WhatsApp kama watu wa kawaida. Mimi nikasema hapana, nitawatengenezea mfumo. Nikaandika tovuti nzima kwa PHP na MySQL: ukurasa wa kuchagua kiti, ukurasa wa kupigia kura chakula, orodha ya waliolipa, ramani yenye vialama vya kila kituo, hata saa ya kuhesabu siku zilizobaki. Nililala saa nane usiku wiki mbili mfululizo kwa ajili ya hiyo saa :-)

Safari yenyewe ilikufa kati ya Baragoi na South Horr.

Ramani ilikuwa imetuambia tutafika Loiyangalani siku ile ile. Saa kumi jioni tulikuwa bado mbali, na mbele yetu palikuwa na laga. Kwa wasiojua, laga ni mto wa msimu, mchanga mtupu miezi mingi ya mwaka, halafu siku moja unashuka maji mekundu yenye magogo. Pale tuliposimama mvua haikuwa imenyesha hata tone. Dereva akawa anajiandaa kuvuka. Akatokea mzee mmoja Msamburu na mbuzi wake, akaangalia gari, akaangalia Mlima Nyiru uliokuwa umefunikwa na wingu, akatuambia, "Vijana, msiingie hapo." Tukabishana kidogo, na nina aibu kusema mmoja wa waliobishana ni mimi, nikimwonyesha mstari wa buluu kwenye simu. Mzee hakujibu. Alikaa tu juu ya jiwe. Haikupita nusu saa, maji yakaja.

Usiku ule tulilala ndani ya matatu. Maji ya kunywa yalikuwa chupa tulizobeba mkononi, kwa sababu kwenye mfumo wangu kulikuwa na kura ya chipsi au pilau lakini hakukuwa na ukurasa wa maji. Mtandao haukuwepo, kwa hivyo ile tovuti, orodha ya namba za dharura za wazazi, ramani, vyote vilikuwa kwenye seva na sisi tulikuwa kwenye mchanga. Pesa za safari zote zilikuwa M-Pesa kwenye simu ya mweka hazina. Usiku wa manane mmoja wa wasichana alianza kubanwa na kifua, ana pumu, na dawa yake ya kuvuta ilikuwa inaelekea kuisha. Alfajiri alipelekwa Baragoi kwa pikipiki, akiwa katikati ya mwendeshaji na mwenzake wa kumshika asianguke. Mwenye pikipiki alitaka pesa taslimu na tukachangishana sarafu kama watoto wa shule. Yule mzee alituletea maziwa. Tulipotaka kumlipa kwa simu alicheka mpaka akaketi.

Msichana alipona, yuko salama, sasa ana kazi yake Nakuru na bado ananitania. Ziwa hatukuliona. Tuligeuza gari na kurudi, na mimi nilipofika nyumbani niliifuta ile tovuti bila kumwambia mtu.

Ndiyo maana nasema sina ugomvi na vijana. Ugomvi wangu ni na sisi tunaoandika programu, tunaojua vizuri kabisa namba hizi zinatoka wapi na tunanyamaza.

Hebu nieleze kidogo, maana wengi hudhani simu "inajua" barabara. Haijui. Kwenye kompyuta, barabara ni mtandao wa nukta na mistari, na kila mstari umepewa uzito, kwa kawaida muda wa kuupita. Programu inatafuta njia yenye jumla ndogo zaidi ya uzito. Mbinu ya msingi aliibuni Mholanzi Edsger Dijkstra mwaka 1956, akaichapisha 1959, na ni mbinu safi, haina kosa. Kosa liko kwenye uzito. Kwenye barabara kuu ya Nakuru kuna simu maelfu zinazotembea kila saa, kwa hivyo kampuni ya ramani inapima mwendo halisi na ina haki ya kukuambia dakika arobaini na tatu. Lakini kule juu ambako magari ni ya kuhesabu kwa vidole na mtandao unakatika, vipimo vinatoka wapi? Mara nyingi hakuna, au ni vichache mno. Kinachobaki ni kukisia: hii imeandikwa barabara ya daraja fulani, basi tuipe mwendo wa kawaida wa daraja hilo, tugawanye umbali kwa mwendo, tupate saa. Halafu tunaiandika kwa herufi zile zile na rangi ile ile kama ya barabara ya Nakuru, dakika mpaka ya mwisho. Saa tisa na dakika kumi na saba! Hizo dakika kumi na saba ndizo zinazonikera. Mtu aliyekisia saa tisa hana ruhusa ya kutaja dakika.

Dereva wa lori ukimuuliza utachukua muda gani Maralal mpaka Loiyangalani, atakujibu, "Ikiwa hakuna mvua, na gari likiwa zima, utalala njiani au utafika usiku." Hilo jibu linaonekana la ovyo kwa mtu aliyezoea skrini, lakini lina taarifa zaidi kuliko letu. Lina mvua, lina hali ya gari, lina nafasi ya kulala njiani. Sisi tungeweza kabisa kuonyesha hivyo, "kati ya saa nane na siku mbili", ila hakuna meneja wa bidhaa atakayekubali, maana mtumiaji ataona programu haijiamini.

Na huko si jangwani tu. Mimi ninaishi hapa kando ya Ziwa Naivasha. Tangu 2020 ziwa hili limefukuza watu Kihoto zaidi ya mara moja, na ukishuka ufuoni Karagita ramani inakuonyesha njia ya miguu inayoendelea mbele pale ambapo unaona vichwa vya viboko. Maziwa ya Bonde la Ufa yamepanda, Baringo, Bogoria, Nakuru, na Turkana pia. Kwa hivyo vile vialama vya "kambi nzuri ufukweni" ambavyo mtu aliviweka miaka minane iliyopita, vingine leo vina samaki. Kama simu haiwezi kufuatilia ukingo wa ziwa lililo kilomita mia moja hivi kutoka Nairobi, lenye mashamba ya maua na wageni kila wikendi, mbona unaiamini kuhusu Turkana?

Kuna kisa ninachokipenda cha Kalokol, upande wa magharibi. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, kwa msaada wa Norway, kilijengwa kiwanda cha kugandisha samaki. Kwenye karatasi kila kitu kilikuwa sawa: ziwa lina samaki, wafugaji wana njaa, kiwanda kitaleta pesa. Kiliendeshwa muda mfupi kikafungwa, maana kugandisha samaki kwenye joto lile kuligharimu kuliko samaki wenyewe, na kilihitaji maji safi ambayo hayakuwepo. Halafu Ghuba ya Ferguson, ambako samaki wengi walikuwa wakivuliwa, ikakauka. Waliopanga walikuwa wasomi wenye nia njema. Waturkana wa pale hawakuhitaji shahada kujua kwamba ghuba ile huja na kuondoka.

Tena tarehe 3 Novemba 2013 palitokea kupatwa kwa jua, na Turkana ilikuwa mojawapo ya sehemu bora duniani za kukuona. Watu walisafiri kutoka nje ya nchi. Wanaastronomia walikuwa wamepiga hesabu mpaka sekunde, na hesabu ilikuwa sahihi, mwezi ulifika kwa wakati. Kule Sibiloi dhoruba ya mchanga ikawakimbiza watalii, kisha mawingu yakafunika zile sekunde chache walizofuata.

Nirudi kwa mpango wa mdogo wangu. Nilichukua karatasi (ndiyo, karatasi) nikamwambia tuanze na kitu ambacho roboti haikutaja hata mara moja. Maji. Ziwa Turkana ndilo ziwa kubwa zaidi la kudumu lililo jangwani duniani, lina urefu wa karibu kilomita 250, na maji yake si ya kunywa. Halina mto wa kutokea. Maji yanaingia, mengi sana kutoka mto Omo wa Ethiopia, na yanatoka kwa kukaushwa na jua tu, kwa hivyo chumvi na magadi vinabaki. Pia ni nyumbani kwa mamba, wengi mno, ndiyo maana ile "siku ya pili, kuogelea" niliikata kwa kalamu nyekundu nikaandika pembeni: ULIZA WENYEJI WAPI.

Haya, hesabu. Lita tano kwa mtu kwa siku, za kunywa na kupika, na hapo hujaoga. Watu 14. Siku mbili za njiani na siku mbili za akiba kama laga litakufungia. Tano mara kumi na nne mara nne ni lita 280, yaani mitungi kumi na minne ya lita 20. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hivyo hizo ni kilo 280, uzito wa watu wazima wanne. Gari ni la viti 14. Kwa hiyo watu wanne washuke. Lakini wakishuka wanne maji yanapungua, mtu mmoja anaweza kurudi. Tukazungusha hesabu mpaka ikatulia kwenye watu kumi na mmoja, na dereva yumo humo, na bado hatujaweka mafuta, mahema, unga na mizigo. Mdogo wangu akaniangalia. "Kumbe 12,000 haitoshi." Haitoshi. Haikuwahi kutosha. Ilikuwa imegawanywa kwa viti ambavyo havipo, kwenye gari ambalo halifai kwa mawe ya kule.

Hii 12,000 si namba ya mchezo hapa kwetu. Mama anafanya kazi shamba la maua, anachambua na kufunga waridi akiwa amesimama tangu asubuhi, na wenzake wengi walio na watoto kwenye safari hiyo ni majirani wa hapa hapa Karagita. Pesa hizo zinatoka kwenye chama, zinakopwa. Ukimwambia mzazi kama huyo "programu imesema" umemkosea heshima.

Kuhusu usalama nitasema wazi kwa sababu watu wanazunguka zunguka. Novemba 2012 zaidi ya polisi 40 waliuawa bonde la Suguta, karibu na Baragoi, walipokuwa wakifuatilia mifugo iliyoibwa. Februari 2023 serikali ilipeleka jeshi kaunti kadhaa za kaskazini mwa Bonde la Ufa, Samburu na Turkana zikiwemo, kwa sababu ya wizi wa mifugo na mauaji. Hali hubadilika wiki kwa wiki na barabara kwa barabara. Ramani ya simu hupaka msongamano wa magari rangi nyekundu, lakini njia ambayo jana ilikuwa na milio ya risasi ni tupu, na tupu kwenye ramani ina rangi nzuri kuliko zote. Hapo hakuna ujanja mwingine isipokuwa kupiga simu kituo cha polisi cha mbele na kuwauliza madereva waliotoka huko jana.

Najua kuna kundi jingine linasoma hapa likitikisa kichwa: "Si ungewaambia tu wasiende?" Hawa nao wananikera, tena zaidi. Kwao kaskazini ni mahali pa habari mbaya tu. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 926,976 kaunti ya Turkana peke yake. Lodwar kuna mabenki, kuna hospitali, kuna chuo kikuu kishiriki. Mifupa ya yule kijana aliyeishi miaka milioni moja na nusu iliyopita iligunduliwa 1984 huko Nariokotome na Kamoya Kimeu, Mkenya, na watoto wetu wanaisoma vitabuni bila kujua ni upande gani wa ziwa. Halafu umeme: ile mitambo 365 ya upepo karibu na Loiyangalani, yenye uwezo wa megawati 310, inaleta umeme kwa waya wa zaidi ya kilomita 400 mpaka Suswa, hapa nyuma ya Longonot. Umeme wa upepo wao unatufikia tangu 2018. Sisi ndio hatujafika kwao. (Najua, najua, mtaniambia Karagita tuna mvuke wa Olkaria mlangoni. Gridi ni moja jamani.)

Mimi nilifika hatimaye 2022, kwa kupitia Laisamis, kwenye ile barabara ya kilomita 208 iliyotengenezwa ili malori yapitishe mitambo ya upepo. Ukipanda kilima cha mwisho mawe ni meusi kama yamechomwa jana, na chini yake kuna rangi ya kijani ambayo sitajaribu kuieleza. Upepo ulikuwa unanisukuma kifua. Nilikaa pale muda mrefu nikamkumbuka yule mzee wa mbuzi. Kwa hivyo sitamwambia mtoto wa mtu yeyote asiende.

Nawaambia mpange kinyume. Waandishi wenzangu wa programu wataelewa: msianze na siku nzuri. Anzeni na kitu kitakachovunjika kwanza, halafu jiulizeni safari inaendeleaje kikiwa kimevunjika. Mtandao ukikatika, je, kila mtu ana karatasi yenye namba na njia? Simu ya mweka hazina ikifa, pesa taslimu ziko kwa nani, na wa pili ni nani? Laga likijaa, mnalala wapi na mnakunywa nini? Anayetumia dawa ya kila siku amebeba ya siku nne au ya siku nane?

Simu yenyewe bado ina kazi, msinielewe vibaya. Watu wengi hawajui kwamba GPS haihitaji bando wala mtandao. Simu yako inasikiliza setilaiti moja kwa moja, inajua ilipo hata katikati ya jangwa. Kinachokosekana ni picha ya ramani, na hiyo unaweza kuipakua ukiwa nyumbani. Organic Maps na OsmAnd zinafanya hivyo bure, na ramani zake zinatoka OpenStreetMap, ambayo kila mtu anaweza kuihariri. Humo kuna sehemu ya kuandika barabara ni ya lami, changarawe au mchanga, kuna alama ya mahali gari linapovuka mto bila daraja, kuna alama ya mto usiotiririka mwaka mzima. Huko kaskazini nyingi ziko tupu, maana zinamngoja mtu afike pale na kujaza. Vijana kumi na mmoja wenye simu wangeweza kujaza malaga yote ya barabara moja kwa siku mbili. Hiyo ingenifurahisha kuliko picha zao za ufukweni.

Na kwa wenzangu tunaotafuta riziki kwa kuandika programu. Tunapima kazi zetu tukiwa Nairobi, kwenye intaneti ya waya, simu imechomekwa chaji. Programu ikikosa mtandao inaonyesha mviringo unaozunguka na hatuoni aibu. Starlink ilipoanza kuuzwa Kenya Julai 2023 nilisikia mtu akisema tatizo limekwisha. Limekwisha kwenye hoteli yenye paneli ya sola na sahani juu ya paa. Ndani ya matatu iliyokwama saa mbili usiku halijakwisha. Hifadhini data kwenye simu ya mtumiaji. Mkikisia, semeni mmekisia. Na hawa wanaouza roboti za kupanga safari, kama mashine yenu haiwezi kusema "sijui barabara hii", msiiruhusu ipange safari ya watu.

Tumekaa na mdogo wangu jioni tatu sasa. Aprili tumeiondoa, ni msimu wa masika. Wanakwenda Agosti, na wanapita magharibi: Naivasha, Nakuru, Kitale, kisha basi la abiria mpaka Lodwar, mchana. Kuhusu mchana sikumpa nafasi ya kujadili. Machi 2024 basi la wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kenyatta waliokuwa kwenye ziara ya masomo liligongana na trela huko Maungu, wanafunzi 11 wakafa, na hiyo ilikuwa barabara ya lami, barabara inayojulikana. Usiku na uchovu sitaviongezea mwenyewe. Lodwar watapumzika siku nzima, halafu watatafuta gari la wenyeji la kuwafikisha Eliye, ambako kuna chemchemi ya maji matamu. Loiyangalani itasubiri mwaka mwingine. Wamebaki tisa, wengine wamekasirika na kuondoka kwenye kundi la WhatsApp, sawa.

Mpango mpya ni karatasi mbili, pande zote. Hauna vijipicha. Jana usiku mama alirudi kazini, akavua viatu, akausoma wote polepole kwa tochi ya simu kwa sababu stima ilikuwa imepotea (upepo wa Turkana ulikuwa umelala, nikamwambia, hakucheka). Mwisho akauliza, "Na msipopiga simu Jumatano usiku, mimi nimpigie nani?"

Mdogo wangu akaniangalia, mimi nikaangalia karatasi. Hatukuwa na jibu. Jumamosi tunashuka stendi Naivasha, kisha Nakuru, kutafuta dereva anayefanya kazi Kitale mpaka Lodwar atupe namba ya mtu wake wa Lodwar, na ya mwingine iwapo huyo hatapatikana. Mstari huo tumeuacha wazi kwanza, juu kabisa ya ukurasa wa kwanza.